Mashine ya Baridi Iliyopona Kila Nilipopiga Hodi

Nyie vijana mnaotembea na geji shingoni na mtungi wa gesi nyuma ya pikipiki, sogeeni hapa. Nataka kuwasimulia habari ya mashine moja ya baridi pale Korogwe. Nikiikumbuka mpaka leo mwili unanisisimka, maana ilinichezea shere kwelikweli, na siku nilipoigundua siri yake nilipiga kelele uani kwa watu! Siku hizi mnasema eisii. Sisi miaka ile ya Ujamaa tulisema mashine ya baridi, na zilikuwa chache mno mjini, hata ukisikia moja inaunguruma dirishani unajua ni ya nani.

Mimi ni Mhina, mzaliwa wa Misima, Handeni. Baba alitaka nilime mahindi kama yeye, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kila kitu chenye waya. Nikashuka Korogwe, nikaangukia mikononi mwa Fundi Kibwana aliyekuwa na karakana yake Masuguru. Alikuwa Msambaa mfupi, mkali, mpenda chai ya tangawizi, na hakuamini neno la mtu yeyote kuhusu mashine, hasa neno la mwenye mashine. Mteja akija na kusema, "Fundi, gesi imeisha," yeye humjibu, "Uliiona ikitoka?" Mteja hubaki ameduwaa, na sisi tunageukia ukutani kuficha kicheko.

Nianze na hiyo gesi, maana hapo ndipo mnaponitibua. Mashine haipozi, nyie mmeshafungua mtungi! Gesi haiungui kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Inazunguka humohumo ndani ya mabomba miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, basi kuna mahali inavuja, na usipopatafuta kwa povu la sabuni ukapaziba, unamwibia mteja mchana kweupe. Enzi zetu gesi ilisakwa Tanga, ikikosekana huko inasakwa Dar es Salaam, na unaweza kuisubiri muda mrefu kuliko watu walivyosubiri sukari. Kwa hiyo tulijifunza kuigusa mwisho kabisa, baada ya kumaliza kila kitu kingine.

Cha kwanza ni mkono wako. Simama mbele ya mashine, weka kiganja. Upepo upo? Una nguvu au unajikongoja? Chomoa chujio ulitazame kwenye mwanga. Kisha zunguka nje, weka kiganja nyuma ya mashine. Hapo upepo lazima uwe wa moto, na utoke kwa kasi. Fundi Kibwana alikuwa akitugongea meza kwa bisibisi akisema, "Hakuna mashine inayotengeneza baridi, jamani! Hii inachota joto chumbani na kulimwaga nje. Joto likikosa pa kumwagika litarudi ndani, na mtalaumu gesi bure."

Alisema kweli. Kwenye mashamba ya mkonge niliona nyumba za mameneja ambako mashine zilikuwa zimekufa kwa manyoya ya mkonge tu. Yanapeperuka kutoka kwenye mitambo, yanaingia katikati ya yale mapezi membamba ya bati nyuma ya mashine, yanashikana mpaka yanakuwa blanketi. Unachukua brashi laini, unachana taratibu kutoka juu kwenda chini, unasuuza kwa maji yasiyo na nguvu, na mashine inafufuka. Mama mmoja huko shambani alikuwa anafurahi kwamba mashine yake imeota barafu mbele. "Fundi, hii yangu ni kali mpaka inaganda!" Nikamwambia mama, barafu hiyo ni kilio, hewa haipiti. Kumbe alikuwa amelifunika chujio kwa kitambaa cha kufuma, akakidarizi maua, ili pasiwe patupu!

Na Handeni je? Kulikuwa na bwana mmoja aliyehamia pale kikazi akaikuta nyumba yenye mashine ya baridi. Akaniita, mashine inaunguruma kutwa na chumba ni tanuri. Nilipofika nikakuta mlango wazi, madirisha wazi, na wazee wamekaa mpaka barazani wakipiga soga. Nikamwomba afunge mlango. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nifunge mlango mchana, mimi nikiwa ndani? Watu watasema najifungia nile peke yangu!" Kwetu Handeni mlango wa muungwana haufungwi mchana, na mimi Mzigua nilikuwa najua hilo vizuri kuliko yeye. Nikaacha bisibisi mfukoni. Tukakubaliana mashine iwashwe usiku tu, akishaaga wageni. Alikuwa anataka kuipoza wilaya nzima, maskini.

Sasa nije kwenye yenyewe.

Korogwe mjini kulikuwa na mwenye duka mmoja Mhindi, Bwana Jayanti. Mashine yake aliinunua kwa meneja mmoja wa mkonge aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, na aliinunua kwa ajili ya mama yake. Mama huyo tulimwita Ba, maana kwa lugha yao ndiyo mama, na mji mzima ulimwita hivyo. Moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alisema joto la Korogwe litammaliza, akae mahali pa baridi.

Ba hakuwa mgeni kwetu. Aliletwa bibi harusi Mazingara, huko Handeni, mumewe alipokuwa na kiduka cha kununua mahindi na ufuta, akajifunza Kizigua kwa wanawake wa kisimani kabla hajajua Kiswahili. Siku ya kwanza nilipoingia nikamwambia, "Shikamoo Ba," akaniuliza kwetu wapi. Nilipotaja Misima akanimwagia Kizigua safi mpaka nikaona haya, maana changu kilikuwa kimeshaanza kuchuja.

Ilikuwa masika. Bwana Jayanti akatuma mtu karakana: mashine haipozi, Ba anatota jasho. Nikatuma jibu kwamba nakuja baada ya sala ya adhuhuri. Nikafika, nikapiga hodi, nikakaribishwa. Ua umefagiwa, kiti kimewekwa, chai na chevda, vile vitafunwa vyao vya kukaanga, mezani. Nikaweka kiganja mbele: baridi. Nikaenda nyuma: upepo wa moto unatoka kama kawaida. Nikalisafisha chujio kwa adabu tu, nikanywa chai yangu, nikaondoka.

Kesho yake ujumbe mwingine: haipozi. Nikaenda. Ua umefagiwa, chai tayari, mashine inapuliza baridi kama ya Lushoto! Bwana Jayanti akanitazama, mimi nikamtazama. "Saa mbili zilizopita ilikuwa joto, wallahi," akasema, na yeye si mtu wa wallahi.

Mchezo ukaendelea hivyo. Nikiitwa naikuta nzima, nikigeuza kisogo inaugua. Nilipima umeme, maana umeme wetu uliotoka hapo Hale ulikuwa ukishuka jioni, kompresa, ile pampu ya gesi, inaguna tu bila kuwaka. Umeme ulikuwa sawa. Nikafungua kifuniko, nikakaza kila waya. Kapasita, ile inayoisukuma kompresa iwake, safi. Nikatega bisibisi kwenye kompresa na sikio kwenye mpini, nikasikia mlio mtamu usio na kasoro. Nikagundua jambo moja tu, kwamba ujumbe huja siku za mvua, na jua likiwaka hakuna anayenitafuta. Nikajisemea, unyevu huo! Nikakausha kila kiungo, nikafunga utepe upya. Mvua iliyofuata, ujumbe ukaja.

Siku moja nilipochomoa mashine niliona juu ya mapezi ya nyuma vumbi jeupe. Nililigusa kwa kidole nikalinusa, nikapiga chafya. Lilikuwa na harufu ya pilipili manga! Nikawaza, pilipili manga inatafuta nini nyuma ya mashine ya baridi? Nikalifuta, nikaendelea na waya zangu. Ndivyo tulivyo mafundi, jibu linatupiga chafya usoni na sisi tunatafuta bisibisi.

Hapo Bwana Jayanti akachoka. Hakunifokea, alikuwa muungwana, lakini aliniita pembeni. "Mhina, siwezi kucheza na moyo wa mama yangu. Nina ndugu Lushoto. Ijumaa gari linakuja kumchukua. Kama kabla ya hapo mashine imetulia, atabaki. La sivyo, anakwenda kukaa huko moja kwa moja."

Nilipokuwa nakusanya vyombo vyangu Ba alinivuta shati. Alikuwa amesikia. "Mwanangu," akasema taratibu, "mzee akipandishwa Lushoto hateremki. Baridi ya kule inanikata magoti, simjui mtu, hakuna wa kuniita kwa Kizigua. Hansa mjukuu wangu anaolewa mvua zikiisha, nani atamwandalia? Itengeneze hii mashine, Mhina. Itengeneze." Macho yake yalijaa. Nikatoka pale moja kwa moja hadi karakana.

Nikamweleza Fundi Kibwana kila kitu, nikitembea huku na huku karakana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapuliza chai yake.

"Ukienda inapona?"

"Inapona, Fundi."

"Mashine inajua kama wewe umekuja?"

"Haijui."

"Sasa nani anajua?"

Jamani! Nilisimama kama niliyepigwa na shoti. Nani anajua? Watu wa nyumbani ndio wanajua! Wanajua kwa sababu natuma salamu kabla, kisha napiga hodi mbele, na wao wanafagia ua, wanaweka kiti, wanachemsha chai. Fundi ni mgeni, na mgeni akija kila kilichozagaa kinaondolewa. Sijawahi kuiona nyumba ile jinsi inavyokaa yenyewe!

Alhamisi ikaamka na manyunyu. Sikutuma salamu kwa mtu. Nikazungukia uchochoro wa nyuma nikitazama huku na huku, maana kuingia ua wa watu kwa mlango wa nyuma si adabu, na kwetu ningeweza kuitwa jina baya. Hodi nilipiga, sikatai. Ila niliipiga nikiwa nimeshaingia.

Na nikaona!

Kitanda cha kamba kilikuwa kimesimamishwa wima chini ya upenu, kimeegemezwa kabisa kwenye mgongo wa mashine ya baridi. Juu yake limetandazwa shuka, na shuka limejaa papadi mbichi zilizonata kutoka juu mpaka chini, zile chapati nyembamba kama karatasi za unga wa choroko na pilipili manga, ambazo huanikwa zikauke kabla ya kukaangwa. Chini ya kitanda, nyungo mbili za makopa ya muhogo. Kila upande khanga zinaning'inia, zimeziba hata matundu ya pembeni ambayo mashine huvutia hewa. Yenyewe ilikuwa inaguna humo ndani kama mtu aliyefunikwa mto usoni. Na mbele ya kazi hiyo yote, kwenye kigoda, alikuwa amekaa Ba, mikono imejaa unga, pamoja na Mama Mwanahawa, mjane wa Mazingara aliyekuwa akimsaidia kazi za nyumbani tangu zamani.

"Mhina!" Ba akashtuka, akajifunika mtandio. "Unakujaje bila kusema? Hata chai hatujaweka!"

Mama Mwanahawa tayari alikuwa anakimbilia khanga kuzianua. "Ngoja mwanangu, ngoja tuondoe uchafu huu, tukuwekee kiti."

"Usiondoe, mama!" Nilipiga kelele kwa furaha mpaka kuku wakatawanyika. "Nakuomba usiguse kitu!"

Nikaweka kiganja pembeni ya mashine. Upepo wa moto ulikuwa unatoka, unagonga shuka, unageuka na kuvutwa tena ndani. Mashine ilikuwa inameza joto lake mwenyewe! Nikaingia chumbani mbio, nikaweka kiganja mbele, upepo vuguvugu. Nikatoka, nikakivuta kile kitanda kando na khanga zote, tukasubiri kidogo tukizungumza. Nikaingia tena: baridi. Nilicheka peke yangu mle chumbani. Sijui kama nyie mnaijua furaha hiyo, ya kitu kilichokutesa kufunguka mbele yako chenyewe.

Kumbe ilikuwa hivi. Desturi yao ni wanawake kukaa pamoja kabla ya harusi na kusukuma papadi kwa mikono yao, na Ba alikuwa ameapa kwamba za Hansa atazisukuma yeye. Jua likiwapo walianika juu ya paa. Masika yalipokaza, papadi zikaanza kuota ukungu. Ndipo Mama Mwanahawa, ambaye makopa yake nayo yalikuwa yanaoza, akagundua kwamba nyuma ya mashine kuna upepo wa moto wa bure mchana kutwa. Wakaanza na ungo mmoja. Bwana Jayanti alishinda dukani, uani hafiki. Na kila nilipotuma salamu, walianua haraka, maana ni aibu fundi akute ua umezagaa.

Nilimweleza Ba polepole. Akaitazama mashine, akazitazama papadi zake, akaitazama mikono yake. Kisha akacheka mpaka akashika kifua, nikaogopa. Kicheko kilipokwisha sura yake ikabadilika.

"Usimwambie Jayanti," akasema. "Atasema mama amezeeka, akili imekwenda, anajiharibia mashine aliyonunuliwa. Atanipeleka Lushoto kwa sababu hiyo badala ya ile. Niahidi."

Nikamwahidi. Ungefanyaje wewe?

Nikaenda kutafuta miti, nikamjengea chanja ya kuanikia. Hilo nalo lishikeni, vijana, fundi haishii kukataza tu. Upepo wa nyuma ukipewa nafasi ya kutosha kutoka, hata ukikutana na kitu mbele yake haurudi. Niliiweka chanja mbali na ukuta, chini kidogo ya njia ya upepo, nikaiezekea mabati mawili makuukuu dhidi ya mvua. Matundu ya pembeni niliyaacha wazi kabisa. Nikapima kwa kipande cha uzi wa mkonge nilichokishika mkononi: uzi ukipeperuka kwenda mbele, sawa. Ukirudi kwenye mashine, sogeza tena. Papadi zikaanza kukauka, na chumba kikapoa. Nilirudi nyumbani naimba.

Ijumaa mvua ilikuwa kubwa. Nilifika nikakuta gari limeshafika, na sanduku la Ba la bati limefungwa juu ya keria kwa kamba, limefunikwa turubai. Bwana Jayanti alikuwa barazani.

"Bwana Jayanti, mashine imepona," nikamwambia. "Ingia uone."

Aliingia, akaweka mkono, akatoka. "Ni baridi, ndiyo. Mhina, kila ukija ni baridi. Ukiondoka inakufa. Leo nitajuaje?"

"Leo ni kweli. Kulikuwa na kitu kinaziba upepo nyuma. Kimeondoka."

"Kitu gani?"

Nikageuka kutazama mvua.

"Kitu gani, Mhina? Kama hakina jina, kitarudi, na mimi siwezi kumfanyia mama yangu majaribio."

Nikatazama chini. Nilikuwa na jibu mdomoni, kamili, na nilikuwa nimelifunga kwa ahadi. Mvua inapiga bati, dereva anatazama saa. Nilijiona nampeleka Ba Lushoto kwa mikono yangu miwili.

"Ni mimi," sauti ikasema nyuma yetu.

Ba alikuwa amesimama mlangoni, amevaa viatu vya safari, ameshika nguzo. "Kitu chenyewe ni mimi, Jayanti. Nilikuwa naanika papadi za Hansa nyuma ya mashine. Fundi akija naanua. Sikujua kama naiziba. Ukitaka kusema nimezeeka, sema sasa, mbele ya fundi."

Bwana Jayanti alipita uani katika mvua ileile. Tulimwona akisimama mbele ya chanja, akinyoosha mkono kwenye upepo, akiokota papadi moja na kuigeuza. Aliporudi maji yalikuwa yanamtiririka usoni.

"Ba, kwa nini hukuniambia? Zingenunuliwa."

"Zinunuliwe wapi?" Ba akang'aka. "Dukani kwako? Duka lako lina viberiti na chumvi!"

Dereva aliangua kicheko kabla ya sisi wote, kisha akaona haya, kisha hakuna aliyebaki mzima. Mama Mwanahawa alikaa chini kabisa. Bwana Jayanti alicheka huku amefunika macho kwa kiganja, na aliendelea kuyafunika baada ya kicheko kwisha.

Halafu alikwenda kwenye gari, akafungua kamba mwenyewe, akalikataa bega la dereva na la kwangu. Akalibeba lile sanduku kichwani, mtu mwenye duka, katika mvua, mpaka chumbani kwa mama yake. Ba alimfuata, akavua viatu vya safari, akafungua kifuniko na kuanza kuzirudisha sari zake kabatini, moja baada ya nyingine.